Caspar David Friedrich (1774–1840): Mchoraji wa Bahari na Mbalamwezi

Mwanafunzi, ukiulizwa kuhusu wachoraji wa mkondo wa ulimbwende, usikimbilie kutaja majina ya picha. Jiulize kwanza kwa nini Friedrich alichora bahari iliyotulia hivyo.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1774 mjini Greifswald, karibu na Bahari ya Baltiki. Mji huo leo uko Ujerumani, ila wakati ule ulikuwa chini ya Uswidi. Baba yake alitengeneza sabuni na mishumaa. Mama yake alifariki Caspar akiwa na miaka 6. Mwaka 1787 mdogo wake, Johann Christoffer, alizama barafu ilipopasuka. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijaribu kumwokoa Caspar mwenyewe. Maji kwake hayakuwa pambo tu.

Alisomea uchoraji Copenhagen kuanzia 1794, na mwaka 1798 akahamia Dresden, mbali kabisa na bahari. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: hudhani alisimama ufukweni usiku akipaka rangi. La. Safarini alichora kwa penseli, kisha akarudi kupaka rangi za mafuta katika chumba kitupu, karibu hakina kitu ila meza, kiti na picha aliyokuwa akiishughulikia.

Mwaka 1818 alimwoa Caroline Bommer, akampeleka kuwaona ndugu zake Greifswald na kisiwa cha Rügen. Tangu hapo wanawake huonekana zaidi katika picha zake. Itazame ile ya 1822 ya mwezi ukichomoza baharini: wanawake wawili na mwanamume mmoja wameketi juu ya jiwe kubwa, merikebu zinarudi, mwezi unatokeza kwenye mawingu. Wote wametupa mgongo. Hatuzioni nyuso zao, hivyo tunalazimika kutazama wanachokitazama. (Mtahini hupenda sana kuuliza jambo hili.)

Mwaka 1835 alipatwa na kiharusi, na kupaka rangi za mafuta kukamwia vigumu. Wanunuzi nao walikuwa wamepungua, ladha ya watu ikiwa imebadilika. Alifariki Dresden tarehe 7 Mei 1840, akiwa maskini, akasahauliwa kwa miaka mingi hadi maonyesho makubwa ya Berlin ya 1906 yalipomrudisha machoni pa watu. Picha ile ya 1822 iko Berlin hadi leo, katika jumba la Alte Nationalgalerie.