Gerhard Tersteegen, Mfumaji Aliyefundisha Watu Kusali

Katika nchi ya Ujerumani, upande wa magharibi, karibu na mto Rhein, uko mji uitwao Moers. Huko alizaliwa Gerhard Tersteegen, tarehe 25 Novemba 1697. Baba yake alikuwa mfanya biashara na mcha Mungu, lakini alikufa mtoto huyu angali mdogo, hajatimiza hata miaka saba. Mama yake akampeleka shule, naye akajifunza Kilatini, Kiyunani na Kiebrania kwa bidii. Kijana mwenye elimu ya namna hiyo angeweza kwenda chuo kikuu na kuwa mchungaji. Lakini mama mjane hakuwa na fedha. Kwa hiyo mwaka 1713 Gerhard akapelekwa kwa shemeji yake, mume wa dada yake, katika mji wa Mülheim kando ya mto Ruhr, ili ajifunze biashara.

Mjini Mülheim alikuwako mtu jina lake Wilhelm Hoffmann. Huyo alikuwa amesoma elimu ya dini, ila hakuwa na daraja ya uchungaji. Alikuwa akikusanya watu nyumbani ili wasome Neno la Mungu na kusali pamoja. Gerhard akaenda huko, na moyo wake ukashikwa na hamu kubwa ya kumjua Mungu. Tangu hapo kelele za duka na mahesabu ya mali vikamchosha. Mwaka 1719 akaiacha biashara, akashika kazi ya kufuma. Kwanza alifuma kitani. Kazi hiyo ilipomshinda kwa udhaifu wa mwili, akafuma tepe za hariri.

Basi akakaa peke yake katika nyumba ndogo. Chakula chake kilikuwa unga, maji na maziwa. Giza lilipoingia alitoka kimya kimya kuwapelekea maskini sehemu ya mapato yake. Ndugu zake wakamwonea haya kwa umaskini huo, hata mama yao alipokufa wakagawana urithi bila kumwita. Mara kwa mara aliugua, wala hapakuwa na mtu wa kumtazama. Tena lilimpata jambo zito kuliko hayo yote: kwa muda wa miaka kama mitano alisali asione faraja yo yote, kama mtu asafiriye usiku pasipo taa. Lakini hakuacha kusali. Siku ya Alhamisi Kuu, mwaka 1724, giza lilipokwisha kumtoka, aliandika hati ya kujitoa kwa Yesu Kristo maisha yake yote, akaiandika kwa damu yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata Hoffmann akamshauri asiendelee kuishi peke yake, bali amchukue kijana aitwaye Heinrich Sommer, amfundishe kufuma. Gerhard aliyapenda mno maisha ya upweke, lakini akatii. Wakawa wakianza kazi saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tano. Kisha kila mmoja alijitenga muda wa saa moja kwa kusali. Saa saba walirudi kwenye kitanda cha mfumi mpaka saa kumi na mbili jioni, wakajitenga tena saa moja kwa sala. Usiku Gerhard aliandika vitabu. Hivyo kazi na sala vikaenda pamoja kama nyuzi mbili katika utepe mmoja.

Sala aliyoifundisha si ya maneno mengi. Aliwafundisha watu kwamba Mungu yupo, naye yu karibu. Basi mtu amgeukie, anyamaze mbele zake, akae kama mtoto akaavyo karibu na mzazi wake. Mawazo yakitangatanga, asijikasirikie, bali ayarudishe kwa upole. Wala sala hiyo haiishi mtu ainukapo. Aende nayo kazini na njiani.

Mwaka 1727 nyumba moja mahali paitwapo Otterbeck, kati ya Mülheim na Elberfeld, ilitengwa iwe makao ya ndugu kadhaa waliotaka kuishi hivyo. Waliiita Kibanda cha Wasafiri, kwa maana ulimwenguni sisi sote ni wapitaji. Hawakuwa makasisi. Walikula kwa kazi ya mikono yao, nao walisali na kunyamaza kwa saa zilizowekwa. Gerhard hakukaa nao, ila aliwaandikia kanuni, akawa mlezi wao.

Watu waliomjia kwa mashauri wakaongezeka, hata akaiacha kazi ya kufuma. Akatengeneza dawa, akawapa maskini. Mwaka 1729 alitoa kitabu cha mashairi na nyimbo, na baadhi ya nyimbo zake zingali zikiimbwa makanisani. Tena kati ya mwaka 1733 na 1753 alitoa vitabu vitatu vya maisha ya watakatifu, miongoni mwao Teresa wa Avila. Yeye alilelewa katika Kanisa la Kiprotestanti, na hao walikuwa Wakatoliki. Lakini hakuona haya kujifunza kusali kwa ye yote aliyemjua Mungu.

Mwaka 1740 wenye mamlaka wakapiga marufuku mikutano ya sala majumbani. Kama sala ya watu wale ingalikuwa ya mikutano tu, ingalikufa siku ile. Lakini kila mmoja alikuwa amekwisha kujifunza kukaa mbele za Mungu penye kazi yake. Gerhard akawatia nguvu kwa barua, moja moja, kwa muda wa miaka kumi. Mwaka 1750 mikutano ilipoanza tena, watu walijaa nyumbani kwake kuliko zamani.

Alifariki Mülheim tarehe 3 Aprili 1769. Hakuoa, hakupata daraja, wala hakuacha mali. Aliacha watu wengi, wafumaji na watumishi na akina mama wa nyumbani, waliojua kunyamaza mbele za Mungu na kuwafundisha wenzao vivyo hivyo.