Joseph Thomson na Maji ya Lukuga

Wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya uwanda wa Ufipa, tulimwona mtoto wa darasa la sita akiandika katika daftari lake kwamba maji yamechemka kwa nyuzi 94 za sentigredi. Mwalimu mwanafunzi, aliyekuwa akiyarudia masomo ya sayansi kabla ya mtihani, alimwekea alama ya kosa, kwa kuwa kitabu kinasema nyuzi 100. Kipimajoto kilikuwa kizima na mtoto alikuwa amekisoma sawasawa. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huku ni ndogo, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva huku kuliko pwani. Hapana budi tukiri kwamba hata sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa tulikawia kuitambua dhuluma ile.

Tukio hilo lilitukumbusha maisha ya kijana mmoja aliyepita Ufipa mwaka 1880, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuandika alichokiona, hata kama waliomtangulia walikuwa wameandika vingine.

Joseph Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mawe, naye Joseph akakua akiokota mawe na kuuliza yametoka wapi. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh alisomeshwa habari za miamba na Archibald Geikie, na habari za viumbe na Thomas Huxley. Alikuwa bado hajatimiza miaka 21 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilipomchagua kuwa msaidizi wa Keith Johnston, mchoraji ramani, katika safari ya kutoka pwani yetu kwenda maziwa makuu.

Msafara uliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879. Mwezi uliofuata Johnston aliugua kuhara damu na kufariki Behobeho, na uongozi ukamwangukia kijana huyu aliyekuja kutazama mawe tu. Je, angewezaje kuendelea? Jibu liko kwa Chuma, Myao aliyekuwa kiongozi wa wapagazi. Chuma ndiye aliyekuwa pamoja na David Livingstone hadi mwisho wake, na mwaka 1873 hadi 1874 yeye na wenzake waliubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, wakipita Ufipa. Basi Thomson alipofika katika nchi hizi aliongozwa na mtu aliyekwisha kuzijua. Vitabu vingi vya zamani humtaja Chuma kwa mstari mmoja. Mwalimu anayesimulia habari hizi asifanye hivyo.

Mwezi Novemba 1879 walifika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Thomson aliwaacha wengi wa watu wake huko chini ya Chuma, akaenda na kikundi kidogo kupitia upande wa magharibi ili ajibu swali lililowagawanya wataalamu wa Ulaya: je, ziwa hili lina mlango wa kutokea maji?

Swali hilo lilikuwa na historia. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika Lukuga, mahali ulipo leo mji wa Kalemie nchini Kongo, akaandika kwamba maji yanatoka ziwani kwenda magharibi. Mwaka 1876 Henry Stanley alifika papo hapo akakuta mafunjo na tope vimeuziba mlango, akasema kwamba mto wa kutoka bado haujawa. Huko London watu wakataka kujua ni nani kati yao aliyekosea. Thomson alipofika mwezi Desemba 1879 hakukuta kizibo wala bwawa. Alikuta mto wenye nguvu ukienda kasi kuelekea Kongo. Edward Hore, mmisionari baharia aliyekaa Ujiji, naye aliuona mto huo ukitoka mwaka huohuo.

Hakuna aliyekosea. Ziwa Tanganyika hupokea maji ya mvua na ya mito kama Malagarasi na Ruzizi, nalo hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo kwa mvukizo wa jua. Zikija miaka ya mvua haba, usawa wa ziwa hushuka, mlango wa Lukuga hukauka, tope hujaa na mafunjo huota. Zikirudi mvua nyingi, ziwa hupanda hadi likivunje kizibo. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1878, na baadaye ziwa likashuka kwa mita nyingi. Kupanda na kushuka huko hakujakoma: mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia katika mitaa ya miji ya ufukweni.

Hapa mwalimu anaweza kuyarudia masomo mengi kwa beseni moja. Toboa tundu karibu na ukingo, liweke tope lenye nyasi, kisha mimina maji kidogo kidogo huku watoto wakiandika dakika na kimo. Kundi la kwanza litasema hakuna kinachotoka, na la mwisho litasema maji yanabubujika. Waulize ni kundi lipi lililosema uongo.

Kutoka Lukuga Thomson alitamani kufika mto Kongo, lakini wapagazi walikataa kwenda mbele, akarudi kusini kwa Chuma. Mwaka 1880 walianza safari ya kurudi pwani kwa njia ya Ufipa, katika zama za Mwene Kapufi, na ndipo alipoliona Ziwa Rukwa. Wazungu walimwita mvumbuzi wake, jina ambalo Wafipa na Wawungu waliolivua na kulizunguka kwa vizazi vingi wangelicheka.

Kwa mtaalamu wa miamba, uwanda huu wetu ni kitabu kilichofunguliwa. Magharibi ardhi inaporomoka kuelekea Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 tu juu ya bahari na kina chake hufikia mita 1,470, hata sakafu yake ikawa chini sana ya usawa wa bahari. Mashariki kuna ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake Rukwa, ziwa la magadi lisilo na mlango wa kutokea. Ufipa imebaki juu kati ya mabonde mawili yaliyodidimia. Thomson hakuwa na maelezo hayo. Nadharia ya Bonde la Ufa ilielezwa vizuri baada ya safari ya John Walter Gregory ya mwaka 1893. Lakini aliandika alichokiona, na wengine wakaweza kukitumia. Konokono wa Tanganyika aliowaokota walipelekwa London, na mmojawapo aliitwa kwa jina lake.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimwajiri akague makaa ya mawe yaliyosemwa kuwako Ruvuma. Livingstone mwenyewe alikuwa ameandika habari zake, na Sultani alitarajia utajiri. Thomson alikuta mawe meusi ya tabaka yenye lami kidogo, yasiyofaa kwa tanuri, akarudi akasema hivyo. Sultani hakupendezwa hata kidogo.

Miaka iliyobaki tunaipita upesi. Mwaka 1883 na 1884 alivuka nchi ya Wamasai, na swala tomi akapewa jina lake. Baadaye alitumikia makampuni yaliyotaka mikataba ya kuichukua Afrika, Sokoto mwaka 1885 na kaskazini mwa Zambezi mwaka 1890, na hilo hatulifichi. Afya yake iliharibika, akafariki London tarehe 2 Agosti 1895 akiwa na umri wa miaka 37.

Yule mtoto wa nyuzi 94 alirudishiwa alama yake siku ya tatu. Mwalimu wake alimpa pia kazi: amwandikie mwenzake wa Kasanga, ufukweni mwa ziwa, achemshe maji na kupima. Sisi tunatazamia kiasi cha nyuzi 97.