Robert Recorde: Aliyebuni alama ya = akafia gerezani

Ukipeleka mtihani wa hesabu steshenari ya Buguruni ukachapwe, unataka alama zote za = zisimame wima, moja chini ya nyingine. Alama hiyo ilibuniwa na Robert Recorde, daktari kutoka Wales.

Mwaka 1557, akiwa amechoka kuandika kila mara kwamba hiki ni sawa na kile, alichora mistari miwili sambamba yenye urefu uleule. Kwake hakukuwa na vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hivyo.

Yeye mwenyewe hakuuona usawa. Alimtuhumu kigogo, Earl wa Pembroke, kwa matumizi mabaya ya madaraka. Akashtakiwa kwa kashfa, akatakiwa kulipa pauni 1,000. Hakulipa. Alifia gerezani London mwaka 1558.

Leo kwenye LaTeX, alama ya & ikitangulia =, mistari yote inajipanga hapohapo.