Alfred Binet: aliyekataa mtoto kuitwa mjinga

Leo tunamwangalia Alfred Binet, Mfaransa aliyezaliwa Nice mwaka 1857. Alisomea sheria, akaiacha, akajifunza saikolojia mwenyewe maktabani. Alipowachunguza binti zake wawili nyumbani, aliona kila mmoja anafikiri kwa namna yake.

Paris aliongoza chama kilichowakutanisha walimu na wataalamu kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza. Mwaka 1904 serikali iliunda tume kuhusu watoto wanaobaki nyuma shuleni, naye akawemo. Mwaka 1905, pamoja na daktari Théodore Simon, alitoa kipimo cha majaribio 30, kama kutaja vitu pichani na kurudia tarakimu. Lengo lilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada, apewe. Binet aliamini akili hukua kwa mafunzo.

Alifariki mwaka 1911. Baadaye wengine, hasa Marekani, walikigeuza kipimo hicho kuwa cha kuwapanga watu madaraja.

Basi mzazi, hata kama unahama kambi kufuata samaki, mwanao akichelewa kusoma usimwite mjinga. Kaeni na mwalimu wake, mtafute kinachomkwamisha.