Maisha ya Alan Turing, Fundi wa Mafumbo

Muhula huu nimechagua kueleza habari za Mwingereza mmoja, Alan Turing. Mimi nilidhani alikuwa mtu wa kuvunja mafumbo ya vita, basi. Nilipozidi kusoma habari zake niliona kwamba aliuliza swali ambalo mimi mwenyewe, kiongozi wa chakula mwenye kushika daftari la stoo, huulizwa kila Jumamosi: tutajuaje kwamba kazi imefanyika kama ilivyoandikwa, ilhali hatukuwapo?

Alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali kule Bara Hindi, kwa hiyo mtoto alilelewa zaidi na watu wengine. Mwaka 1926 alipelekwa shule ya bweni ya Sherborne. Siku ya kuripoti, magari ya moshi hayakutembea kwa sababu ya mgomo mkuu wa wafanyakazi. Kijana huyu wa miaka 13 alipanda baiskeli akaenda karibu kilomita 100, akilala njiani usiku mmoja. Mwendo huo unapita ule wa kutoka Dodoma mjini hadi Kongwa. Wenzangu wanaochelewa kurudi shule kwa kukosa basi na wazingatie hayo.

Akiwa Cambridge, mwaka 1936, aliandika juu ya mashine ya kuwazia tu, isomayo utepe na kuandika alama mojamoja. Kwa mashine hiyo alithibitisha kuwa hakuna njia moja ya kutabiri kila mashine itafanya nini mwishowe.

Vita vilipoanza Septemba 1939 aliitwa Bletchley Park, mahali pa siri ambapo Waingereza walifumbua habari za adui zilizonaswa hewani. Wajerumani walitumia mashine iitwayo Enigma. Wapolandi walikuwa wamekwisha kuivunja kwanza, wakawapa Waingereza ujuzi wao. Turing alibuni mtambo wa kutafuta ufunguo wa kila siku, akaongoza pia kazi ya kufumbua habari za nyambizi zilizozamisha meli katika Atlantiki. Kazi ya namna hiyo ilifika hata pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuupiga Colombo kwa mabomu, wafumbuzi wa Kiingereza waliokuwa huko walihamishiwa Mombasa, wakakaa katika shule ya Allidina Visram, wakishughulikia simu za upepo za Wajapani. Turing mwenyewe hakufika huko.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni la baada ya vita. Tarehe 24 Juni, 1949, huko Cambridge, alitoa hotuba fupi juu ya kukagua kazi ya kompyuta, akatoa mfano wa hesabu ya kujumlisha. Ukimpa mkaguzi jumla tupu, itambidi arudie hesabu yote. Ukimwandikia pia jumla ya kila safu na namba iliyobebwa, watu kadhaa waweza kukagua, kila mtu safu yake, na kosa litaonekana lilipo. Vivyo hivyo mwenye kuandika programu aweke, mahali mahali, maneno yanayopaswa kuwa kweli mashine inapofika hapo, ili kila moja likaguliwe peke yake.

Siku hizi ziko mashine za akili unde zinazotumwa kazi na kuitenda zenyewe: kujibu barua, kununua vitu, kupanga safari, pasipo mtu kuzitazama. Wako wataalamu wanaotaka kila tendo lao liandikwe katika daftari la kompyuta, na hapa elimu ya mafumbo inarudi, safari hii kwa kuthibitisha wala si kuficha. Kila mstari hupigwa hesabu pamoja na namba ya mstari uliotangulia, ikatoka namba mpya. Ukibadilisha herufi moja ya juzi, namba zote zinazofuata hazilingani tena. Kisha hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri. Mtu yeyote mwenye ufunguo wa hadharani aweza kuikagua sahihi hiyo, lakini hawezi kuighushi.

Nimefanya jambo la jamii hiyo katika daftari la stoo, kwa kubeba masalio ya unga na maharage kutoka ukurasa hadi ukurasa. Ukurasa mmoja ulipochanwa tulijua siku ileile. Hata hivyo naona upungufu, nao ni wa mashine pia. Daftari huonyesha kuwa gunia lilitoka, lisionyeshe kama ilifaa litoke. Na gunia lililotoka usiku bila kuandikwa halimo kabisa.

Mwaka 1950 Turing aliandika juu ya kama mashine yaweza kufikiri, akakiri kwamba mashine humshangaza mara kwa mara. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule iliyokataza mapenzi baina ya wanaume. Alipewa kuchagua kifungo au dawa, akachagua dawa, naye akaondolewa katika kazi za siri za serikali. Alifariki tarehe 7 Juni, 1954, kwa sumu ya sianidi, akiwa na miaka 41. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa Malkia ukatolewa mwaka 2013. Kazi yake ya vita ilifichwa hata miaka ya 1970. Mama yake aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1959, asiweze kueleza humo mwanawe alifanya kazi gani vitani.