Abu Bakr al-Razi: Tabibu mkuu aliyeandika upungufu wake



Ndugu Waislamu, utabibu ni amana. Mgonjwa humkabidhi tabibu mwili wake, na aghalabu hana njia ya kutambua iwapo anayemtibu anajua kweli au anajifanya kujua. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) akaweka dhima juu ya anayetibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu hiyo. Dhima hiyo ni nzito zaidi kwa mkuu wa matabibu, kwa kuwa walio chini yake humwiga.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi alizaliwa mnamo mwaka 251 Hijria (865 Miladia) mjini Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, nchini Iran. Aliongoza hospitali ya mji huo, kisha akaongoza hospitali mjini Baghdad. Wanazuoni walimpinga vikali katika baadhi ya maoni yake ya falsafa, nasi hatuyatetei hapa. Tunachozingatia ni mwenendo wake katika tiba.

Ibn al-Nadim amesimulia jinsi baraza lake lilivyokuwa. Al-Razi aliketi akizungukwa na wanafunzi wake, nyuma yao wanafunzi wa wanafunzi hao, kisha wengine. Mgonjwa aliyeingia aliwaeleza kwanza wale wa mwisho. Wakishindwa, alisogezwa kwa waliowatangulia. Na wote wakishindwa, al-Razi mwenyewe ndiye aliyelizungumzia tatizo lake. Hakuna aliyelazimika kubahatisha ili kulinda heshima yake. Aidha, alikuwa karimu kwa mafukara na wagonjwa, akiwapangia posho na kuwauguza.

Zingatia kisa kimoja katika kumbukumbu zake za tiba. Alimtibu Abdallah bin Sawada, aliyesumbuliwa na homa za kuja na kuondoka. Al-Razi alisita: je, ni homa za vipindi au ni kidonda katika figo? Baadaye mgonjwa akatoa usaha katika mkojo, na ukweli ukadhihiri. Al-Razi angeweza kuandika kuwa alilijua hilo tangu mwanzo. Badala yake aliandika kuwa alighafilika kumuuliza mgonjwa kama alihisi uzito kiunoni anaposimama. Huyo ni mkuu wa hospitali, anayeandika upungufu wake kwa mkono wake!

Ukweli huo huo aliutumia kwa waliomtangulia. Alimheshimu mno Jalinus, tabibu wa Kiyunani, lakini alitunga kitabu cha kuonyesha mambo ambayo hakukubaliana naye. Kitabu chake kuhusu ndui na surua kilieleza kwa uwazi tofauti ya maradhi hayo mawili, kwa kuwa aliwatazama wagonjwa wenyewe, hakutosheka na yaliyonakiliwa.

Waliomlaumu kwa kuwa karibu na watawala aliwajibu kuwa hakuwatumikia kama mbeba silaha wala msimamizi wa shughuli zao, bali kama tabibu na mshauri. Macho yake yalidhoofika, na mwishoni mwa umri wake akapofuka. Alifariki mwaka 313 Hijria (925 Miladia). Kumbukumbu zake zilikusanywa baada ya kifo chake katika kitabu kikubwa, al-Hawi, na hata pale alipoghafilika pakawa somo kwa waliofuata.

Ndugu zangu, mganga mkuu anayeficha kosa huwafundisha wauguzi wake kuficha, na anayelipa gharama ni mgonjwa asiyejua lolote. Anayekiri, huwafungulia mlango wa kusema kweli kabla roho haijapotea. Nasi wazazi wenye watoto wanaosomea udaktari, tusiwahimize kutafuta cheo tu. Tuwalee tangu nyumbani waweze kusema "sijui" bila ya kuona haya, na wamche Allah kwa yale asiyoyaona mgonjwa.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, na awajaalie wanaowatibu kuwa wakweli. Amin.