Joseph Conrad na Uzito wa Maneno

Wengi wetu tunaosoma Kiingereza hapa Kolwezi tunamjua Joseph Conrad kwa kitabu kimoja tu, Heart of Darkness, na kwa ugomvi uliozuka juu ya kitabu hicho. Mimi nataka kuyaangalia maisha yake kwa upande mwingine. Alikuwa, kama sisi, mtu aliyeingia katika Kiingereza akiwa ameshapitia lugha nyingine, Kifaransa kikiwa mojawapo. Mtu wa namna hiyo akikuta maneno mawili yanayokaribiana hayachukui kuwa kitu kimoja. Huuliza lipi linaingia wapi.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 mjini Berdychiv, katika nchi tunayoiita leo Ukraine, wazazi wake wakiwa Wapolandi chini ya utawala wa Urusi. Jina lake lilikuwa Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Baba yake, Apollo, alikuwa mshairi aliyefasiri Shakespeare na Victor Hugo kwa Kipolandi. Kwa sababu ya siasa zake alipelekwa uhamishoni Vologda, kaskazini mwa Urusi, pamoja na mke na mtoto. Mama alikufa mwaka 1865, baba mwaka 1869, na yatima wa miaka 11 akabaki chini ya uangalizi wa mjomba wake. Mwaka 1874 alikwenda Marseille kuwa baharia. Kifaransa alikuwa nacho tangu utotoni, Kiingereza bado.

Kiingereza alianza kukisikia sawasawa mwaka 1878, aliposhuka Lowestoft, pwani ya mashariki ya Uingereza, akiwa na umri wa miaka 20. Walimu wake wa kwanza walikuwa mabaharia wa meli ndogo iliyobeba makaa ya mawe kutoka Newcastle. Mwaka 1886 alipata cheti cha unahodha na uraia wa Uingereza.

Somo la mabaharia hao halikumtoka. Katika The Mirror of the Sea, kitabu cha mwaka 1906, anawakasirikia waandishi wa magazeti wanaosema kwamba meli imefanya cast anchor. Cast ni kutupa kwa nguvu ya mkono, na nanga haitupwi na mtu. Inaning'inia tayari ubavuni mwa meli, kisha inaachiliwa. Ndiyo maana baharia husema let go. Sisi tuliozoea jeter l'ancre ya Kifaransa tunaanguka palepale walipoanguka waandishi hao. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimetuonya: tunasema kutia nanga, wala hatusemi kuitupa.

Mwaka 1890 kampuni moja ya Brussels ilimpa mkataba wa miaka mitatu nchini Kongo. Alifika Matadi mwezi wa Juni, akakutana na Roger Casement, halafu akatembea kwa miguu hadi Kinshasa. Hapo aliambiwa kwamba meli aliyoitarajia, Florida, imeharibika. Meli hiyo inatuhusu watu wa huku, kwa kuwa ilitakiwa kusaidia msafara wa Alexandre Delcommune uliokuwa unakuja Katanga. Conrad alitamani kuiongoza, lakini mkuu wake wa kazi hakumpenda na nafasi hiyo hakuipata. Msafara ulifika Bunkeya kwa Msiri mwaka 1891 bila yeye. Alichopata ni safari ya kupanda mto katika meli Roi des Belges hadi Stanley Falls, Kisangani ya leo, alikofika tarehe 1 Septemba. Juu ya maporomoko hayo mto ni Lualaba yetu, na Kiswahili kilikuwa kikisemwa pale, maana Tippu Tip alikuwa amewekwa kuwa wali wa mahali hapo tangu mwaka 1887. Conrad alikaa siku chache tu. Alirudi Ulaya mgonjwa, mkataba haujafika hata mwaka mmoja.

Heart of Darkness ilitoka kwanza katika gazeti la Blackwood's mwaka 1899. Ndani yake kuna jambo ambalo naona wahakiki wengi wanalipita haraka. Msimulizi, Marlow, anawaona wanaume waliofungwa minyororo shingoni, naye anakataa moyoni kwamba watu hao wanaweza kuitwa enemies. Hata hivyo wenye kituo wanawaita criminals. Baadaye anaona vichwa vya watu juu ya miti mbele ya nyumba ya Kurtz, anaambiwa hao walikuwa rebels, naye anacheka kwa uchungu. Enemy ni mtu wa nje, unapigana naye na unaweza kufanya naye amani. Criminal amevunja sheria, kwa hiyo sheria yako ilikuwa imekwisha kumfikia. Rebel alikuwa mtu wako, akakuasi. Anayebadilisha neno la kwanza kwa la pili ameshajipa nchi, na hakuna mkataba uliotiwa sahihi. Adui, mhalifu, mwasi: hata kwa Kiswahili ni hatua tatu.

Somo hili halijazeeka. Udongo ulipoporomoka juu ya wachimbaji karibu na Kolwezi mwezi wa Juni 2019 na kuua zaidi ya watu 40, habari za Kiingereza ziliwaita wengine illegal miners, wengine artisanal miners. La pili linaeleza mkono na chepeo. La kwanza linamhukumu marehemu kabla hajazikwa. Trespasser nalo linasahau kabisa kwamba alikuwa akifanya kazi. Linaona mguu tu kwenye ardhi ya mwingine. Hapa mtaani mtu huyo tunamwita creuseur, naye ana mama anayemlilia.

Mwaka 1975 Chinua Achebe, akihutubia chuo kikuu huko Massachusetts, alimshtaki Conrad kwa ubaguzi wa rangi, akaonyesha kwamba Waafrika wa riwaya hiyo wanapewa maneno mara mbili tu. Mimi nakubaliana na Achebe. Mtu aliyejua kutofautisha adui na mhalifu alipita katikati ya Kibobangi, Kikongo na Kiswahili, na kwenye kitabu chake lugha hizo zimegeuka kelele tu. Hilo halifuti alichokiona kuhusu Kiingereza. Linaonyesha alikosikiliza na alikoziba masikio.

Hata uzeeni, kadiri Ford Madox Ford, rafiki aliyeandika naye vitabu, alivyosimulia, Kiingereza kilimsumbua. Alilalamika kwamba Kifaransa kikisema meza ni de chêne kinataja mti tu, lakini oaken ya Kiingereza inaburuta pamoja na mti sifa kama uthabiti ambazo hakuziomba.

Alikufa tarehe 3 Agosti 1924 nyumbani kwake Bishopsbourne, akazikwa Canterbury. Waliochonga jiwe la kaburi walichanganya jina lake la Kipolandi na la Kiingereza, na Teodor wakaiandika Teador.